Maombi 180, usaili 4, na kazi ya karani wa ghala: nikubali au niendelee kusubiri?

"Shikamoo mshauri. Nilihitimu shahada ya takwimu miezi 14 iliyopita na matokeo yangu yalikuwa mazuri. Tangu hapo nimeweka hesabu kwenye daftari: maombi 180, usaili 4, ajira hakuna. Mara mbili nilifika hatua ya mwisho, wakachukuliwa wenye uzoefu. Sasa kampuni ndogo ya usambazaji imeniita niwe karani wa ghala kwa mkataba wa miezi 6. Mshahara ni mdogo na wanataka jibu Ijumaa ijayo. Mama anasema nikubali. Rafiki zangu wanasema nikikubali nitauchafua wasifu wangu na sitatoka huko. Wengine wananishauri nirudi chuo nisome shahada ya uzamili. Yupo pia wakala anayetaka hela ya kushughulikia faili ili aniunganishe na ajira nje ya nchi. Je, shahada yangu haina thamani? Na kama kila kitu ni koneksheni, kuna haja gani ya kuendelea kuomba? Usiku silali."

Marahaba, mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, na kilichonikaa moyoni zaidi ni yale maneno mawili ya mwisho. Nitayafikia. Niruhusu kwanza tufungue daftari lako, maana nadhani nusu ya majibu unayoyatafuta umeshayaandika humo kwa mkono wako.

Maombi 180 yamekupa usaili 4, yaani mmoja katika kila maombi 45. Lakini katika hao 4, mara mbili ulifika mwisho. Wewe ni mtu wa takwimu, unajua kuliko mimi hatari ya kuhitimisha jambo kwa sampuli ya 4. Hata hivyo mwelekeo unaonekana. Mtu akikaa na wewe chumbani na kukusikiliza, anakuona unafaa. Shida ni kufika chumbani. Ugonjwa uko mlangoni, hauko sebuleni. Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi wanaonijia na hesabu kama yako huwa wanatumia jioni zao kukariri majibu ya usaili, wakati usaili ndiyo sehemu pekee ambayo tayari wanaiweza.

Sasa hilo swali la thamani ya shahada. Uchumi ukibana, mara nyingi kampuni hazianzi kwa kufukuza watu, zinaanza kwa kutoajiri wapya, kwa kuwa hilo halina kelele wala kiinua mgongo. Na katika wapya, anayeanza kazi ndiye wa kwanza kuachwa, maana miezi ya mwanzo yeye ni gharama: anafundishwa, anakosea, anasahihishwa. Kuna na jambo la pili ambalo halionekani kirahisi. Nafasi nyingi za wanaoanza huzaliwa mtu wa juu anapohama, wa kati akapanda, na kiti cha chini kikabaki wazi. Nyakati ngumu kila mtu hung'ang'ania kiti chake, basi mnyororo mzima unaganda na wewe uliye nje ndiye unayeona barafu. Kisha wale wenye uzoefu waliopoteza kazi hushuka kugombea nafasi ambazo zamani zilikuwa zenu. Mwajiri akipokea barua mia tano kwa nafasi moja, anaongeza masharti ili apunguze rundo. Ile "uzoefu wa miaka 3" unayoiona kwenye tangazo la kazi ya mwanzo mara nyingi ni chekecheo tu. Kazi yenyewe haihitaji miaka hiyo.

Hicho ndicho kilichokupata katika zile hatua mbili za mwisho, na hakihusiani na ubovu wa shahada yako. Mwaka 2023, Shirika la Kazi Duniani lilihesabu vijana milioni 64.9 wa miaka 15 hadi 24 wasio na ajira, sawa na asilimia 13 ya vijana waliokuwa kwenye soko la ajira, na hicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa katika miaka 15. Huo ndio uliohesabika kuwa mwaka mzuri.

Sitakuficha kwamba kuhitimu wakati mbaya kunaacha alama. Uchambuzi wa mchumi Lisa Kahn uliochapishwa mwaka 2010, juu ya wanaume weupe waliomaliza vyuo Marekani kati ya 1979 na 1989, ulionyesha kwamba kila ukosefu wa ajira ulipopanda kwa pointi moja ya asilimia, mshahara wao wa mwanzo ulikuwa pungufu kwa asilimia 6 hadi 7, na upungufu fulani ulibaki hata baada ya miaka 15. Lakini utafiti mkubwa wa Kanada, wa mchumi Oreopoulos na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia waliohitimu tangu 1976 hadi 1995 ukakuta pengo la mapato lililoanza kwenye takriban asilimia 9 linafifia na kwisha ndani ya miaka kama 10. Kinachonivutia ni namna lilivyofifia. Waliopona walianza kwenye kampuni ndogo zinazolipa kidogo, kisha wakahama kwenda kwenye kampuni bora zaidi, wengine zaidi ya mara moja. Kazi ya kwanza haikuwa hukumu ya maisha yao. Ilikuwa mahali pa kusimama wakati wanatafuta ya pili. Likumbuke hili tutakapofika ghalani.

Kuhusu koneksheni, nina ugomvi wa muda mrefu na neno hili, kwa sababu limebeba mambo mawili yasiyofanana. Moja ni kupenyezwa: mjomba anapiga simu, asiyestahili anapata kiti. Hilo lipo, ni dhuluma, na huwezi kulirekebisha ukiwa nyumbani kwenu. La pili ni taarifa na uaminifu: mtu aliyewahi kukuona ukifanya kazi anasikia ofisini kwao kuna pengo, anasema "namjua kijana mmoja makini". Hilo si dhuluma, na hapo ndipo kazi nyingi hupatikana. Ukiyachanganya mawili haya utakaa chini kwa uchungu wa la kwanza, huku la pili likikupita.

Mwanasosholojia Mark Granovetter aliwauliza wafanyakazi wa Newton, mji ulio jirani na Boston, walivyopata kazi zao, akachapisha matokeo mwaka 1973. Kati ya waliopata kupitia mtu, ni kama asilimia 17 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara mojamoja, na zaidi ya robo walionana naye mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu yake ni nyepesi ukishaiona: rafiki zako wa karibu wanajua unachokijua. Mnasoma matangazo yaleyale na kusikia habari zilezile. Habari mpya inatoka kwa mtu anayeishi kwenye mzunguko mwingine. Jaribio kubwa lililofanywa ndani ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, kwa miaka 5 likihusisha watu zaidi ya milioni 20, na kuchapishwa mwaka 2022, lilikuja na sahihisho muhimu: wanaosaidia zaidi ni wale mnaojuana kiasi. Mgeni kabisa hasaidii sana, na mtu wa karibu sana naye vivyo hivyo.

Kwa hiyo unapojiambia huna koneksheni, huenda una maana kwamba huna mjomba mkubwa. Wa kujuana nao kiasi unao wengi. Kaa chini uandike majina 40: waliokutangulia chuo mwaka mmoja au miwili, msimamizi wa mafunzo yako kwa vitendo, mwalimu aliyesimamia utafiti wako, jirani anayefanya kazi benki mnayesalimiana tu. Na wale majopo mawili yaliyokusaili mpaka mwisho! Hao karibu kila kijana huwasahau, wakati wao ndio waajiri pekee ulimwenguni waliokuketisha, wakakusikiliza na wakakuona unafaa kwa kiasi cha kukubakiza. Aliyechaguliwa badala yako huweza kuondoka baada ya wiki sita. Nilipokuwa nikiajiri, kabla sijahamia kwenye ushauri, niliwahi kumwita wa pili zaidi ya mara moja, na kila mara alikuwa ni yule aliyeniandikia kushukuru.

Ukiwaandikia, usiombe kazi. Anayeombwa kazi na hana ya kutoa amebaki na neno moja, "hakuna", na mazungumzo yameishia hapo. Omba maarifa yake. Andika hivi, au kwa maneno yako: "Habari za kazi. Nilifanya mafunzo kwa vitendo kitengoni kwenu mwaka juzi, nilikuwa naandaa taarifa za kila wiki. Sasa nimehitimu na ninatafuta kuingia kwenye uchambuzi wa data. Naomba dakika 15 zako, kwa simu au ana kwa ana, unieleze watu wanaoanza kitengoni kwenu wanatakiwa kujua nini." Wengine hawatajibu, usiwawekee kinyongo. Atakayekupa dakika 15, mwishoni muulize: "Ni nani mwingine unadhani ningefaa kuzungumza naye?" Swali hilo moja ndilo linalokuza orodha.

Je, uache kuomba kwa njia ya kawaida? Hapana, ila punguza. Ukigawa 180 kwa miezi 14 unapata karibu maombi 13 kwa mwezi, na nina hofu mengi yalikuwa barua ileile iliyobadilishwa jina la kampuni. Nimesoma barua za namna hiyo kwa maelfu. Zinajitambulisha kwenye mstari wa kwanza. Fanya mbili kwa wiki, lakini kila moja iwe imeandikwa kwa ajili ya tangazo hilo. Kuna imani imeenea kwamba kompyuta ndiyo inayotupa wasifu za watu kabla binadamu hajaziona. Programu nyingi za kuajiri kazi yake kubwa ni kuhifadhi na kupanga. Kinachomtoa mtu mapema mara nyingi ni yale maswali ya ndiyo au hapana mwanzoni mwa fomu, kama miaka ya uzoefu au cheti fulani, na baada ya hapo ni jicho la mtu aliyechoka linalopita haraka kwenye ukurasa. Kwa huyo aliyechoka, tumia maneno yaleyale ya tangazo pale ambapo ni kweli kwako, weka la maana juu, na eleza ulichokitimiza badala ya kueleza ulichopangiwa. "Nilihusika na takwimu" haimwambii kitu. "Niliandaa taarifa ya mauzo ya kila wiki, muda wa kuikamilisha ukashuka kutoka siku mbili hadi saa tatu" inamwambia.

Na kwa fani yako kuna kitu ambacho mwenzako wa fani nyingine angekuonea wivu: unaweza kuonyesha kazi bila kuajiriwa. Data za wazi ziko tele, za Benki ya Dunia kwa mfano. Chagua swali moja ambalo kampuni ya aina unayoitaka ingejiuliza, lijibu kwa kurasa mbili na mchoro mmoja, malizia kwa pendekezo. Ambatanisha. Mwajiri anayeogopa kumfundisha mtu kutoka sifuri anataka kuona kwamba sifuri umeshaipita, na kurasa mbili nzuri zinamwonyesha hilo kuliko cheti cha kozi ya wikiendi.

Haya, ghala. Rafiki zako hawajakosea kabisa. Kuna jaribio la Marekani ambapo watafiti walituma zaidi ya wasifu 9,000 za kubuni za wahitimu wa vyuo. Wale walioonyeshwa wako kwenye kazi isiyohitaji shahada waliitwa kwa usaili pungufu kwa takriban asilimia 30, na waliokuwa hawana kazi kabisa hawakuadhibiwa kwa dhahiri. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013, wa wasifu kama 12,000 katika miji 100 ya Marekani, ulikuta kinyume kidogo: miezi bila kazi inapunguza simu za waajiri, hasa katika miezi 8 ya mwanzo. Lakini huohuo ulikuta kwamba penye ukosefu mkubwa wa ajira adhabu hiyo inapungua, kwa kuwa mwajiri anajua wengi wako nje bila kosa lao. Kwa hiyo pengo lako la miezi 14 lisikutishe hivyo, na usilifiche wala kudanganya tarehe.

Ila kumbuka wasifu za kubuni hazina mdomo. Haziwezi kueleza zilifanya nini ghalani. Wewe unaweza, na bahati yako ni kwamba umeitwa ghalani, hukuitwa kwenye kazi isiyo na uhusiano wowote na ulichosomea. Ghala ni takwimu zilizovaa vumbi: kinachoingia, kinachotoka, kinachopotea, kinachoisha kabla ya wakati, kinachokaa rafuni miezi mitano na kula mtaji. Kwenye kampuni ndogo, mara nyingi hayo yote yamo kwenye vitabu vya mkono na kichwani mwa mtu mmoja. Karani wa kawaida ataandika vitabu hivyo. Wewe unaweza, mwezi wa pili, kumwonyesha mwenye kampuni ni bidhaa zipi kumi zinazomfungia fedha. Ukitoka hapo wasifu wako hautasema "karani wa ghala" na kunyamaza. Chini ya cheo hicho, ambacho hupaswi kukibadilisha jina, kutakuwa na mistari mitatu ya uchambuzi ulioifanyia kampuni halisi yenye fedha halisi. Huo ndio uzoefu ambao kuukosa kulikuangusha mara mbili.

Ushauri wangu ni ukubali, lakini ukubali ukiwa na macho. Ningekataa kama saa za kazi zinameza siku sita nzima kiasi kwamba huwezi kuandika barua wala kuhudhuria usaili, au kama mkataba una faini ya kuondoka kabla ya miezi 6. Kipengele cha namna hiyo kikiwepo na hukielewi, mpelekee mwanasheria, afisa kazi au mtu wa chama cha wafanyakazi akusomee kabla hujasaini. Na usiwaache watu wakuaminishe kwamba fedha kidogo si fedha. Mtu mwenye nauli yake huingia kwenye usaili akiwa na mabega tofauti na asiye nayo.

Uzamili nitaupitia haraka. Ni uamuzi mzuri ukiwa unajua kazi unayoitaka, umeona matangazo yake yanadai uzamili, na una njia ya kuulipia bila kuifilisi familia. Ukiwa ni mahali pa kujificha na soko, utatoka na tatizo lilelile, miaka miwili baadaye, pengine na deni. Kwa tatizo lako la mlangoni, uzamili si ufunguo. Sio sasa.

Wakala, usimpe hata senti. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kama kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hamtozi mtafuta kazi ada, si moja kwa moja wala kwa mzunguko. Baadhi ya nchi huruhusu ada fulani kwa masharti, lakini "hela ya faili" inayodaiwa kabla hujaona mkataba, jina la mwajiri wala leseni ni alama ya utapeli, na ajira hewa za nje zimewafikisha vijana mahali pabaya kuliko kukosa kazi. Kama tayari umempa pasipoti au nakala za vyeti, chukua hatua leo: dai urudishiwe na utoe taarifa polisi au kwa mamlaka ya kazi.

Sasa usiku. Mapema miaka ya 1930, mwanasaikolojia Marie Jahoda na wenzake walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilikuwa kimefungwa na familia nyingi zikabaki bila kazi. Walidhani watu wenye muda mwingi wangesoma zaidi. Uazimaji wa vitabu maktabani ulikuwa umeshuka karibu nusu, na wanaume walitembea polepole, wakisimamasimama barabarani bila sababu. Jahoda alieleza baadaye kwamba kazi inatupa mshahara, na inatupa pia mpangilio wa siku, watu wa kuonana nao, na hisia ya kuhitajika. Vikiondoka hivyo vyote kwa pamoja, akili inalegea hata kwa mtu imara. Kwa hiyo kutolala kwako si udhaifu wa tabia. Ni itikio la kawaida kwa hali isiyo ya kawaida, lakini linahitaji kushughulikiwa.

Tafuta wenzako wanne au watano wanaotafuta kazi, mkutane mara mbili kwa wiki kwa saa maalumu, msomeane barua, mpeane majina. Mwanasaikolojia Nathan Azrin alijaribu vikundi vya namna hii Marekani, akachapisha mwaka 1975: baada ya miezi miwili asilimia 90 ya waliokuwa kwenye kikundi walikuwa na kazi, na kwa wasiokuwemo ilikuwa asilimia 55. Lilikuwa jaribio dogo, usiichukue namba hiyo kama ahadi. Lakini katika miaka yangu ya ushauri sijaona kitu kingine rahisi hivi kinachorudisha watu kwenye mwendo. Ofisi ya ushauri wa ajira ya chuo chako nayo itembelee. Nyingi hupokea waliohitimu, hata baada ya mwaka na zaidi.

Ikiwa hali ya kutolala imezidi wiki mbili, kama umepoteza hamu ya chakula au ya watu uwapendao, au kama kuna usiku ambapo umewaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, basi barua hii haitoshi. Nenda kituo cha afya, mwambie daktari au mshauri nasaha maneno hayohayo uliyoniandikia. Kama wazo hilo la mwisho limekujia hata mara moja, mwambie mama leo, uende leo. Mambo ya kazi yatasubiri.

Kuhusu Ijumaa: usiende kusema ndiyo peke yake. Nenda na maswali matatu. Uliza saa kamili za kazi kwa wiki. Uliza kama, ukitoa taarifa siku mbili kabla, utaruhusiwa kutoka nusu siku mara moja kwa mwezi. Na uliza kama unaweza kuona vitabu vya ghala vya mwaka uliopita. Mwangalie usoni mwenye kampuni anapojibu lile la tatu. Akishangaa kwa furaha, saini.